Ugonjwa haubishi hodi

Leo jioni ukitoka shule simama nje ya nyumba yenu uitazame kama mgeni. Pengine kuna ukuta wenye vipande vya chupa juu, au uzio wa mabati, au michongoma. Kuna geti na kufuli. Madirishani kuna nondo. Wazazi wametumia pesa nyingi ili mwizi asiingie, na kweli mwizi akija atapata kazi.

Lakini ugonjwa je? Mbu hapandi ukuta, anaruka juu yake. Nzi hahitaji ufunguo. Maji ya choo cha jirani yanapita chini ya msingi wa nyumba yenu polepole, na ya choo chenu yanakwenda kwake vilevile. Hakuna anayesema "hodi", hakuna anayesubiri "karibu".

Katika toleo hili tunakagua nyumba. Chukua daftari na kalamu, tuongozane. Tutaanza chumbani, tutapita jikoni, tutatoka uani kwenye mapipa ya maji, tutachungulia chooni (usikunje pua!), halafu tutavuka uzio kwenda kwa jirani. Huko mwisho ndiko kwenye kasheshe, kwa hiyo usiishie njiani.

NYUMBA TUNAYOIKAGUA

Tuchukue nyumba ambayo wengi wenu mnaijua: nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, jijini Dar es Salaam, tuseme Mbagala, Tandika, Buguruni au Manzese. Mbele kuna baraza ambapo wazee hukaa jioni. Ukiingia unakuta korido, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto. Korido inatokea uani. Uani ndiko kuna jiko, bafu, kamba ya nguo, mapipa ya maji na choo cha shimo. Baba mwenye nyumba na familia yake wanakaa vyumba viwili au vitatu, vingine wamepangisha. Hesabu watu: kumi na tano hawapungui, na choo ni kimoja.

Kama ninyi mnakaa nyumba ya kisasa yenye sebule na choo cha kuvuta maji, usifunge gazeti. Nyumba nyingi za Dar es Salaam hazijaunganishwa na bomba kubwa la majitaka. Ukivuta maji, uchafu unakwenda kwenye shimo lililo hapo hapo kiwanjani. Haukupotea, umejificha tu.

KITUO CHA KWANZA: CHUMBANI

Hapa tusikae sana kwa sababu mengi mmeshayasikia. Mbu anayeeneza malaria anaitwa Anofelesi, na kwa kawaida huuma usiku. Daktari Ronald Ross ndiye aliyeonyesha mwaka 1897, akiwa India, kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mbu huyu. Chandarua chenye dawa ni kwa kila mtu nyumbani, ila kama havitoshi, wa kwanza ni watoto wa chini ya miaka mitano na mama mjamzito, maana hao malaria huwaua upesi zaidi. Kikaguzi chako: kuna matundu? Kinachomekwa chini ya godoro? Au kimegeuzwa kuwa uzio wa bustani ya mchicha?

Jambo la pili chumbani ni dirisha. Vijana wengi mnalala watatu au wanne chumba kimoja, dirisha limefungwa kwa kuogopa wezi na mbu. Kifua kikuu kinapenda chumba cha namna hiyo. Vijidudu vyake hutoka kwa mgonjwa anapokohoa na hubaki hewani. Hewa ikizunguka vinapungua, na jua likiingia vinakufa. Weka wavu dirishani, kisha fungua dirisha mchana. Na mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, asipewe sharubati za dukani kila siku. Aende akapime makohozi. Kifua kikuu kinatibika.

KITUO CHA PILI: JIKONI

Jiko la mkaa likiwa uani halina neno kubwa. Hatari ni pale mvua inaponyesha na mtu akaliingiza chumbani, akafunga mlango, ama kwa kupika ama kwa kuota moto. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya ukaa yenye sumu ambayo haina rangi wala harufu. Unasikia kichwa kinauma, unasikia usingizi, unalala. Watu wamelala hivyo wasiamke tena. Kwa hiyo sheria ni moja: jiko linalowaka halilali chumbani na mtu. Basi. Tutoke uani.

KITUO CHA TATU: MAPIPA YA MAJI

Maji ya bomba yanakuja kwa mgao. Yakitoka, kila mtu anakimbia na ndoo. Tunajaza mapipa, madumu, masufuria, hata beseni la kufulia. Si uzembe, ni akili ya kuishi mjini. Lakini ndani ya pipa lililo wazi kuna mgeni.

Chukua tochi umulike. Ukiona vidudu vyembamba vinacheza, vinapanda juu na kushuka kwa kujinyonganyonga, hao ni viluwiluwi vya mbu. Wengine huwaita "wadudu wa maji" na kuwachuja kwa kitambaa. Ukweli ni kwamba baada ya siku chache watakuwa na mabawa na watakuwa wanakutafuta wewe.

Mbu anayependa maji masafi ya mapipa anaitwa Aedesi. Ni mweusi, ana madoa meupe miguuni kama aliyevaa soksi za michirizi. Huyu anauma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla jua halijazama. Hapo chandarua hakikusaidii, maana hulali saa kumi jioni, uko uani unaosha vyombo.

Aedesi ndiye anayeleta homa ya dengue, ambayo kwa Kiswahili huitwa kidingapopo. Dar es Salaam imepata milipuko ya kidingapopo mwaka 2010, 2014 na 2019. Dalili zake ni homa kali, kichwa kuuma hasa nyuma ya macho, viungo na misuli kuuma, na pengine vipele. Ndiyo maana wengi hudhani ni malaria wakanunua dawa mseto bila kupima. Mbu huyu huyu huleta pia chikungunya, ugonjwa ambao viungo huuma mpaka mtu anatembea amepinda. Jina hilo si la Kizungu. Ni la Kimakonde, na linahusu huko kupinda. Ugonjwa huo uligunduliwa kusini mwa nchi yetu, kwenye nyanda za Wamakonde, mwaka 1952 na 1953.

Kumbuka jambo moja la kuokoa maisha: ukiwa na homa na hujapima, usimeze aspirini wala ibuprofeni. Kama ni kidingapopo, dawa hizo zinaweza kuongeza kutoka damu. Tumia parasetamoli, kunywa maji mengi, nenda kapime. Na ukiona damu kwenye fizi au puani, unatapika bila kukoma, au tumbo linauma sana, hiyo si ya kusubiri kesho.

Sasa tazama jinsi Aedesi anavyocheza na akili zetu. Hatagi mayai katikati ya maji. Anayabandika ukutani mwa pipa, juu kidogo ya maji yalipoishia. Mayai hayo yanaweza kukaa makavu miezi mingi bila kufa. Siku ukijaza maji, yanaanguliwa. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Lazima usugue pembeni kwa brashi au kwa mchanga na sabuni, kisha usuuze.

Kutoka yai mpaka mbu huchukua kiasi cha siku saba hadi kumi na nne. Ukisugua pipa kila wiki, unawahi kabla hawajapata mabawa. Chagua siku, tuseme Jumamosi, iwe siku ya mapipa. Yaliyobaki yafunike. Kanga au kipande cha chandarua kikuukuu kilichofungwa kwa mpira kinatosha.

Usisahau vitu ambavyo si vya maji lakini vinateka maji: tairi la gari lililoachwa nyuma ya nyumba, vifuu vya nazi, makopo, sahani za maua, chupa za plastiki, hata zile chupa zilizovunjwa zikapandwa juu ya ukuta. Ndiyo, zile zile za kuzuia mwizi. Kitako cha chupa kikikaa wima kinateka maji ya mvua. Tumezuia mwizi mmoja, tumefuga mia.

Na hapa ndipo uzio unapoanza kutushinda. Aedesi haruki mbali sana na alipozaliwa. Anayekuuma uani kwenu pengine amezaliwa uani hapo hapo, au nyumba ya pili, au ya tatu. Ukisugua mapipa yenu na jirani asisugue, umepunguza tatizo lakini hujalimaliza. Andika hilo kwenye daftari, tutalirudia.

KITUO CHA NNE: CHOONI

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza, "Dada, kwani choo kinaambukizaje, si uchafu uko chini shimoni?" Swali zuri. Uchafu unatoka shimoni kwa njia nne: kwa nzi, kwa mikono, kwa mbu, na kwa maji.

Nzi: anatua shimoni, anatoka, anatua kwenye wali. Dawa yake ni mfuniko wa tundu na bomba la hewa. Bomba hilo linasimama wima kutoka shimoni mpaka juu ya paa, na juu lina wavu. Upepo ukipita juu unavuta hewa ya shimoni, harufu inapanda. Nzi naye aliye shimoni hufuata mwanga. Choo kikiwa na kiza kidogo, mwanga anaouona ni wa juu ya bomba, anapanda, anakwama kwenye wavu, anafia humo. Mtindo huu wa choo ulitengenezwa Zimbabwe miaka ya 1970 na ukaenea Afrika nzima. Bomba bila wavu ni kazi bure.

Mikono: maji na sabuni nje ya mlango wa choo, si ndani ya chumba cha mtu. Mtu akilazimika kuzunguka kutafuta sabuni, hanawi. Dumu dogo lililotobolewa na kufungwa kamba linatosha kabisa.

Mbu: huyu ni wa tatu katika ukaguzi wetu, anaitwa Kuleksi. Anapenda maji machafu ya shimo la choo na ya karo la bafu. Ndiye anayepiga kelele masikioni usiku. Mjini hapa ndiye msambazaji mkuu wa vijidudu vya matende na mabusha. Usicheke, mabusha si jambo la kuchekwa, ni ugonjwa na una matibabu. Kijiji cha Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1988 walimwaga punje za plastiki nyeupe, ile nyepesi inayofungiwa televisheni mpya, ndani ya vyoo vyenye maji. Punje zikaelea zikafunika maji yote. Mbu akashindwa kutaga, viluwiluwi wakashindwa kuja juu kuvuta hewa. Mbu wakapungua sana, na wakazi walipopewa pia dawa za kumeza, ugonjwa ukapungua. Chuma kilichowashinda mbu kilikuwa plastiki ya kutupwa!

Njia ya nne, maji, inahitaji tutembee kidogo.

KITUO CHA TANO: KISIMANI

Mgao wa bomba ukichelewa, watu huchota kisimani. Mara nyingi kisima ni cha jirani, na mtaa mzima unachota hapo. Maji yanaonekana meupe kabisa. Shida ni kwamba macho hayaoni vijidudu.

Sasa pima. Simama kwenye choo chenu, tembea kwa hatua zako za kawaida mpaka kisimani. Hatua ya kijana ni kama robo tatu ya mita, kwa hiyo hatua 40 ni kiasi cha mita 30. Wataalamu wa afya hutaka kisima kiwe mbali na choo si chini ya mita 30, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Pia shimo la choo lisichimbwe mpaka kufika kwenye maji ya ardhini. Kumbuka kupima na vyoo vya majirani, si cha kwenu tu. Katika mitaa yetu iliyobanana, wengi mtapata hatua 15 au 20. Andika namba hiyo.

Ili ujue kwamba hili si la kwetu peke yetu, twende London kidogo, mwaka 1854. Mtaa wa Soho wakati ule ulikuwa umebanana, nyumba moja familia nyingi, kila nyumba na shimo lake la uchafu. Mwishoni mwa Agosti mtoto mchanga katika nyumba namba 40 ya Broad Street alipata kuharisha. Mama yake alifua nepi, akamwaga maji kwenye shimo la nyumba yao. Shimo lile lilikuwa na kuta za matofali zilizooza, na lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisima cha pampu cha mtaa. Ndani ya siku chache kipindupindu kikalipuka, na zaidi ya watu 600 walikufa.

Watu wengi waliamini ugonjwa unaletwa na hewa mbaya. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba akiuliza swali moja la kawaida: mnachota wapi maji? Majibu yalimrudisha kwenye pampu ile ile. Tarehe 8 Septemba 1854 mpini wa pampu ukaondolewa. Snow hakuwa na kipimo cha kuonyesha kijidudu chenyewe. Alikuwa na miguu, swali, na daftari. Wewe navyo unavyo.

Kwa hiyo maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote kweli kweli, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yahifadhiwe kwenye chombo safi chenye mfuniko, yachotwe kwa kata yenye mpini, vidole visiguse maji.

MVUA IKIANZA

Tumefika penyewe. Masika ikiingia mwezi wa tatu, au vuli mwezi wa kumi, kuna jambo linafanyika usiku ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema: kutapisha choo.

Shimo limejaa. Gari la kunyonya majitaka ni ghali, na pengine uchochoro ni mwembamba gari halipiti. Mvua inanyesha kwa nguvu. Basi mtu anatoboa shimo kwa pembeni, uchafu unatoka, maji ya mvua yanauchukua mpaka mtaroni. Asubuhi choo ni chepesi, uani ni pasafi, kila mtu anaendelea na chai.

Je, ule uchafu umekwenda wapi? Umeingia kisima kilicho bondeni. Umepita mlangoni pa mama anayeuza maandazi. Umebaki kwenye dimbwi ambalo watoto wanachezea mpira. Halafu, kwa kuwa mtaa mzima unachota kisima kimoja, umerudi nyumbani kwenu ndani ya ndoo. Mtu ametapisha choo chake akakinywa.

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam na kikaenea karibu nchi nzima. Mlipuko ule uliendelea mpaka mwaka 2018, na mamia ya watu walipoteza maisha. Kipindupindu hakimchagui aliyetapisha. Kinaweza kuanzia nyumba safi kuliko zote, yenye sabuni chooni na mapipa yaliyosuguliwa, ila ikachota maji yasiyochemshwa. Hiyo ndiyo sababu nikakwambia usiishie njiani. Usafi wa nyumba yenu ni nusu. Nusu nyingine iko mikononi mwa jirani, na nusu yake iko mikononi mwenu.

Mtu akianza kuharisha maji maji kama ya mchele, usingoje. Kipindupindu kikali kinaweza kuua kwa saa chache kwa sababu mwili unakauka. Mpe maji ya chumvichumvi ya pakiti. Kama hamna pakiti: lita moja ya maji salama, vijiko vya chai sita vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vifutwe juu visijae kilima. Chumvi isizidi, ni hatari hasa kwa mtoto. Ampe mtu kidogo kidogo bila kuacha, huku mnaelekea kituo cha afya. Usikae nyumbani kuona "kama itakata".

SASA KAMA ANAYETAPISHA NI BABA?

Hapa ndipo pagumu, na najua wengi mngependa niparuke. Kwa mila zetu mtoto hamkosoi mzazi mbele za watu. Lakini kumheshimu baba si kunyamaza kimya wakati mdogo wako anakunywa maji ya kisima kile. Kuna namna ya kusema.

Kwanza, chagua wakati. Si usiku wa mvua wakati jembe liko mkononi. Sema mwezi wa pili, au wa tisa, kabla mvua haijaanza. Pili, usiseme "wewe", sema "sisi". Tatu, usilete lawama bila mpango. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Baba, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Vipi?"

"Baba, shuleni tumefundishwa habari za choo na kisima. Nimepima kwa hatua toka choo chetu mpaka kisima cha jirani. Nimepata kumi na nane. Inatakiwa arobaini."

"Sasa unataka nihamishe choo?"

"Hapana baba. Nilikuwa nasema, masika bado. Tukichanga na wapangaji tangu sasa, tutapata hela ya kunyonya kabla ya mvua."

"Wapangaji hao hao wanaonilipa kodi kwa kusukumana? Na hela unayo wewe?"

"Sina baba. Lakini daftari ninalo. Ukiniruhusu, nitapita kwao na mama, niandike nani ametoa ngapi. Wewe hutapata usumbufu."

Baba anaweza kukataa. Anaweza pia kunyamaza, na mwezi ukiisha akakuuliza, "Lile daftari lako liko wapi?" Wazazi wengi hawatapishi kwa ubaya. Wanatapisha kwa kukosa hela na kukosa njia. Mpango mdogo wa kuchanga unawaondolea aibu. Kama gari halipiti uchochoroni, ulizeni ofisi ya serikali ya mtaa. Kwenye baadhi ya mitaa ya Temeke vikundi vidogo vimewahi kunyonya vyoo kwa pampu ya mkono na kubeba uchafu kwa bajaji ya mizigo mpaka mahali panapostahili.

Kwa jirani nako ni hivyo hivyo. Usiende peke yako kumwambia mtu mzima "choo chenu kinanuka". Hiyo itakuletea noma na haitasafisha kitu. Nenda na mama, mpige hodi, mwanze na habari za mapipa, maana mapipa hayana aibu. Mkikubaliana Jumamosi kuwa siku ya mapipa kwa nyumba nne au tano, mmeshapata mlango wa kuzungumza choo.

Mambo yakishindikana kabisa, yupo mwenyekiti wa mtaa na yupo bwana afya au bibi afya wa kata. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuachia majitaka ovyo. Lakini faini huja baada ya uchafu kumwagika. Mchango huja kabla.

DAFTARI LAKO LA UKAGUZI

Andika mistari hii sita, na mbele ya kila mmoja andika jibu la nyumba yenu:

1. Chandarua: vingapi, na vyenye matundu vingapi?
2. Dirisha: linafunguliwa mchana? Lina wavu?
3. Mapipa na makopo: mangapi yana viluwiluwi leo?
4. Choo: kuna mfuniko, wavu wa bomba, maji na sabuni?
5. Choo mpaka kisima: hatua ngapi?
6. Shimo: limebakiza kiasi gani kujaa, na mvua imebakiza miezi mingapi?

JIPIME: KWELI AU SI KWELI?

a) Mbu wote huzaliwa kwenye maji machafu.
b) Ukimwaga maji ya pipa, mayai ya Aedesi yamekufa.
c) Maji ya kisima yanayoonekana meupe ni salama kunywa.
d) Kila homa ni malaria.
e) Nyumba safi haiwezi kupata kipindupindu.

Majibu: yote matano si kweli. Kama ulikosa hata moja, rudi kituo kinachohusika usome tena kabla hujampa mwenzio gazeti.

Namba tatu unaweza kuimaliza wewe mwenyewe Jumamosi hii kwa brashi na sabuni. Namba tano huwezi kuibadilisha, ila unaweza kuchemsha maji. Namba sita inataka nyumba nzima, na ndiyo yenye haraka, kwa sababu mvua haisubiri mchango. Ukimaliza ukaguzi wa kwenu, mpe kalamu rafiki yako wa nyumba ya pili akague kwao. Mkae barazani mlinganishe madaftari. Hapo mtaona wenyewe kwamba mmekagua nyumba moja yenye milango miwili.